Santuri Yenye Plasta

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitiliza moja kwa moja hadi dukani kwa mama yake. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, kisha akajibwaga kwenye kiti cha wateja. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja tu, maana duka lilikuwa chumba chembamba: cherehani dirishani, meza ya kukatia vitambaa nyuma, pasi kwenye kona, na redio ndogo juu ya rafu ya nyuzi. Mama yake alikuwa mshonaji, na hakushona bila redio. Kipindi cha nyimbo za zamani kikianza, mguu wake kwenye cherehani ulifuata mdundo, na pindo la sketi likatoka limenyooka kuliko kawaida.

Huko ndiko binti alikopatia jina la Kasuku. Wimbo akiusikia mara mbili, mara ya tatu anauimba wote, hata tarumbeta anaziigiza kwa mdomo.

"Huyu akifeli shule, bendi itamchukua," mama aliwaambia wateja, nao wakacheka.

Tatizo lilikuwa kile kiti. Mteja akiingia na mfuko wake wa kitambaa, Kasuku huwa ameinamia simu, haoni wala hasikii. Mteja anasimama mlangoni, anajikohoza, anabadilisha mguu.

"Inuka, mwenye kiti amekuja," mama husema.

"Abee mama, nainuka," hujibu, na hubaki palepale mpaka aambiwe tena.

Simu ilikuwa ya mama. Kasuku alikuwa na ruhusa ya kuitumia kwa kazi za shule na kusikiliza nyimbo, basi. Lakini mtangazaji wa kile kipindi alikuwa ametaja kundi la mtandaoni liitwalo Santuri na Sinema, ambako wapenzi wa muziki na filamu za zamani hukutana kupiga soga. Kasuku alijiunga kwa namba ya mama bila kumwambia. Jina akajipa mwenyewe, tena kubwa: Malkia wa Santuri. Malkia huyo, tuseme kweli, hakuwa amewahi kushika santuri hata moja.

Kundi lile lilikuwa na utamu wake. Msimamizi aliitwa Gitaa Kavu, mtu wa kuamua ubishi hata pale ambapo hakuna aliyemwomba. Kulikuwa na mama mmoja, Bisi, aliyejua filamu zote, na aliyeshikilia kwamba filamu bila bisi mkononi ni hotuba. Gitaa Kavu alimjibu kwamba filamu bila nyimbo ni uji bila sukari, na hapo wakabishana mpaka watu wakawaombea usingizi. Kulikuwa na Sindano, mzee aliyewahi kuwa muuguzi. Maisha yake yote, alisema, alichoma watu sindano mchana, na jioni akateremsha sindano kwenye santuri. Na kulikuwa na mmoja aliyejiita Kimya. Huyo hakuandika neno kamwe. Aliweka kidole gumba tu chini ya maneno ya wenzake, akapotea.

Kasuku alitaka sana kuwa mmoja wao. Aliuliza nani alipiga tarumbeta katika wimbo fulani, hakuna aliyejibu. Akaeleza filamu aliyoipenda na kwa nini mwisho wake ulimuudhi. Wakaendelea na lao. Akauliza tena lile la tarumbeta, safari hii kwa heshima zote, na Gitaa Kavu akatuma chini yake picha ya redio yake mpya. Walimruka kama watu wanavyoruka dimbwi barabarani. Inaudhi, jamani. Mtu unafikiri neno zuri, unaliandika vizuri, unalituma, na hata kidole gumba hupati.

Lakini alikuwa amegundua jambo. Mtu akiandika "Ninayo," kisha akaweka picha ya jalada la santuri adimu, kundi zima linasimama. Hongera zinamiminika. Hata Kimya anaweka vidole viwili.

Siku moja Sindano aliandika hivi: "Wapendwa, natafuta santuri ya Bendi ya Karakana, yenye wimbo 'Usiku Hauna Pazia'. Nilikuwa nayo, sanduku langu likapotea nilipohama nyumba. Miongoni mwa wanawake wanaoitikia yumo dada yangu mkubwa. Wazazi walipofariki, ndiye aliyenilea. Sasa naye hayupo. Picha zake ninazo, lakini hazisemi. Mwenye santuri hiyo anipigie wimbo huo mmoja tu nimsikie."

Kasuku aliutafuta wimbo huo mtandaoni, hakuupata. Alichopata ni picha ya jalada, kwenye ukurasa wa mtu fulani ambao haukuwa na lingine la maana. Jalada lilikuwa limechakaa, kona yake ya juu imebandikwa plasta ya kidonda. Akaihifadhi picha ile. Akaituma kwenye kundi. Chini yake akaandika: "Ninayo."

Je, alikusudia kumuumiza mzee wa watu? Hapana. Alitaka kujibiwa, mara moja tu. Na alijibiwa kweli. Hongera zilianguka kama mvua. Bisi alisema, "Malkia, kumbe ulikuwa unatuficha." Gitaa Kavu, yule yule wa redio, alimwita "hazina ya kundi". Kasuku alitabasamu mpaka mama akauliza kulikoni.

"Nimefurahi tu, mama."

"Furahi umesimama. Mwenye kiti amekuja."

Kisha Sindano akaandika: "Mungu akubariki, mwanangu. Nipigie hata sasa, nasubiri."

Kasuku akahisi joto masikioni. "Mashine yangu ya santuri imeharibika," alijibu. "Iko kwa fundi."

"Nitasubiri," akaandika mzee. "Nimeshazoea kusubiri."

Kesho yake Kasuku alifungua simu akakuta ujumbe mwingine. "Malkia, nikuulize bila ubaya. Nimeikuza picha yako. Ile plasta kwenye kona niliibandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilipotoka zamu wodini, na aliyelichana jalada ni mtoto wa jirani. Basi hiyo si santuri kama yangu. Ni yangu. Imefikaje kwako?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake hukanyaga breki. Kasuku akaongeza mwendo. Aliandika harakaharaka, vidole vinateleza: "Tuliuziwa. Mama yangu ni fundi cherehani, kuna mteja alimletea."

Kundi likachafuka. Gitaa Kavu akaandika, "Kumbe. Sanduku la mzee linapotea njiani, santuri inaibukia kwa fundi cherehani." Mwingine akasema wapo mafundi wanaopokea vitu vya wizi na kujifanya hawajui. Mwingine akataka polisi waambiwe. Bisi peke yake hakusema kitu, na hilo lilimtia Kasuku hofu zaidi, maana Bisi si mtu wa kukosa la kusema.

Sindano aliwatuliza. "Simlaumu mtu," aliandika. "Jumamosi hii nitapanda basi nije. Sitaki hata kuichukua. Nataka kuisikia tu. Nielekezeni nyumba."

Shuleni, wakati wa mapumziko, Kasuku alimweleza rafiki yake mambo yote. Rafiki huyo waliitana pacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine mfupi.

"Jitoe kwenye kundi," pacha alishauri. "Futa kila kitu. Watakupata wapi?"

"Namba ni ya mama. Wanayo."

"Basi sema imevunjika. Santuri huvunjika."

"Halafu babu wa watu alie?"

"Sasa wewe unataka nini?" pacha akauliza, naye amechoka.

Kasuku alitaka jambo ambalo halikuwapo: njia ya kutokea pasipo kusema alichofanya. Alirudi darasani akiwa na hasira na kila mtu. Alimkasirikia Sindano kwa kubandika plasta. Alimkasirikia pacha kwa ushauri wake wa bure. Hesabu zake zikarudi zimejaa makosa, akazikasirikia nazo. Mchana ule, dukani, aliandika maneno akayafuta, akaandika mengine akayafuta. Redio ikapiga wimbo anaoupenda kuliko yote, na yeye kimya.

"Kasuku leo anaumwa koo?" mama aliuliza, pini zikiwa katikati ya midomo.

"Siumwi, mama."

Basi Ijumaa, Kasuku akiwa ameketi pale pale alipozoea, mlango ulitiwa kivuli. Alikuwa mteja wa siku nyingi wa mama, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye gauni lake la harusi ya mpwa wake lilikuwa tayari limekatwa. Aliamkiwa, akaitikia kwa baridi. Hakuingia ndani.

"Karibu, dada," mama alisema. "Nilikuwa nakusubiri tupime mikono."

"Hapana. Naomba kitambaa changu."

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. "Kitambaa? Kimeshakatwa, dada. Kuna kosa?"

"Kosa ulijue wewe. Tumetoka mbali, mimi na wewe. Hujawahi kuniibia hata kishikizo, na nilikuwa nakusifu kwa watu. Siku hizi umeingia kwenye biashara ya santuri za wizi?"

"Santuri?" Mama alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Mimi nina hiyo redio tu, na yenyewe imefungwa kwa uzi."

Mteja akatoa simu yake, akamsogezea. Kasuku akaona jina Bisi juu ya kioo, ndipo akaelewa. Huyu ndiye Bisi. Namba ya mama alikuwa nayo siku zote, kama namba ya fundi wake; aliposoma "fundi cherehani" ndipo akazilinganisha.

Mama alisoma taratibu, huku midomo yake ikitikisika kidogo. Alipofika kwenye maneno "mama yangu ni fundi cherehani," aliinua macho, akamtazama binti yake. Hakumwita jina. Kasuku alisimama.

"Mama hana kosa," alisema. "Hata hajui. Hatuna santuri yoyote. Picha niliitoa mtandaoni. Hayo mengine yote nilitunga mimi."

Bisi alimtazama kutoka juu hadi chini. "Leo unasema hivi, juzi ulisema vile. Nikuamini lini? Na mtoto husema anachotumwa." Akakunja vipande vya kitambaa, akavitia mfukoni, akaenda zake.

Kasuku alikuwa amesema kweli, mara ya kwanza wiki nzima, na kweli yenyewe ikakataliwa kama noti iliyochanika. Ilimuuma kuliko kugombezwa.

Mama alizima redio. Duka likawa geni.

"Sina nguvu za kukupigia kelele," alisema. "Duka hili halina ubao mkubwa, halina matangazo. Watu wanakuja kwa sababu wanaambiana fundi yule haibi, haongopi, siku akisema Ijumaa ni Ijumaa. Hicho ndicho nilicho nacho. Wewe umekichukua ukakitupa kwa watu usiowajua, ili wakuambie hongera."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nitakusamehe, ni mwanangu. Yule mzee je? Anasafiri lini?"

"Kesho."

"Basi utasema leo, na utasema kwa mdomo wako. Kuandika umeshazoea kudanganyia." Akampa simu. "Na uwape huo ukurasa ulikotoa picha, waone wenyewe. Neno lako peke yake leo halina uzito."

Kasuku alijaribu mara ya kwanza, sauti ikakatika. Mara ya pili akacheka kwa woga, mama akamwambia afute. Mara ya tatu alifumba macho, akasema: "Shikamooni. Mimi ndiye Malkia wa Santuri. Mimi ni mtoto wa shule. Natumia simu ya mama yangu, naye hakujua. Sina santuri. Hatujanunua kitu kwa mtu. Picha niliitoa kwenye ukurasa ninaowatumia hapa. Mama yangu si mwizi. Babu Sindano, usipande basi. Nisamehe, babu. Nilitaka na mimi mnijibu."

Akatuma. Wakangoja, mama akijifanya kupanga nyuzi.

Wa kwanza alikuwa Gitaa Kavu, naye hakubakiza kitu. Alisema kundi si uwanja wa watoto, na kwamba waongo ndio wanaoharibu mitandao. Wengine wakaongeza chumvi. Kasuku alisoma yote. Mama alimkataza kuiweka simu chini. Kisha Bisi akaandika: "Nimeufungua ukurasa. Picha ipo, tena ya zamani sana. Mtoto safari hii kasema kweli."

Mwishowe ukaingia ujumbe wa sauti wa Sindano. Alikuwa na sauti nyembamba, ya polepole. "Nimeuona ukurasa huo. Ni wa mpwa wangu. Aliipiga picha santuri yangu kabla hatujahama, hata mimi sikujua kwamba aliiweka huko. Kwa hiyo haipo. Basi. Asante kwa kuniambia kabla sijaondoka, mwanangu. Mfuko wa safari nilikuwa nimeshaufunga."

Kasuku akalia, na kilichomliza si ukali wa Gitaa Kavu bali ule mfuko. Aliuona umewekwa mlangoni, umefungwa, hauna pa kwenda.

Walikuwa wanafunga dirisha la duka simu ilipolia tena. Mama akaitazama, akakunja uso. "Nani huyu Kimya?"

Kasuku alidhani hakusikia vizuri. Kimya alikuwa ameandika. Si kidole gumba. Maneno kabisa, na marefu kwa mtu wa aina yake.

"Mzee Sindano, mimi ninayo. Siku ile ulipouliza nilianza kukuandikia. Mimi si mwepesi wa kuandika. Kabla sijamaliza, Malkia akasema anayo. Nikasema, mzee ameshapata, nikafuta maneno yangu nikaweka simu chini. Samahani kwa kukuchelewesha. Sikiliza."

Chini yake kulikuwa na sauti. Mama aliibonyeza mwenyewe.

Kwanza ilikwaruza, kama mafuta kwenye kikaango. Gitaa likaingia, likafuatwa na tarumbeta, na mwanamume mmoja akauliza kwa kuimba ni nani aliyeondoa pazia la usiku. Wanawake wakamwitikia. Mguu wa mama, ambao haukuwa juu ya cherehani, ukaanza kufuata mdundo. Mama na binti walisimama gizani kidogo mle dukani, dirisha nusu limefungwa, wakasikiliza mpaka mkwaruzo ukarudi.

Sindano alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia na hajali kujulikana. "Huyo wa juu kabisa, anayechelewa kidogo kuitikia. Ndiye. Alikuwa hivyo hata akiitwa kula. Kimya, ndugu yangu, sina la kukupa. Nitaupiga tena sasa hivi."

Asubuhi ya Jumamosi Bisi alirudi na mfuko wake. Alisimama mlangoni kwa haya, miwani mkononi. "Fundi, nilikuja juu juu," alisema. "Ningekuuliza kwanza. Kama hujachukia, harusi iko palepale."

"Ingia, dada," mama alisema. "Mikono bado hatujapima."

Kasuku alikuwa ameketi. Hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akapangusa kiti kwa kiganja, akamsogezea, kisha akaenda kusimama karibu na meza kuokota pini.

Bisi alicheka. "Gitaa Kavu amemtoa Malkia kwenye kundi. Sindano naye anamwombea arudishwe, mama akikubali, na akija kwa jina lake. Anasema mtoto aliwahi kuuliza habari za tarumbeta, na yeye jibu analo. Siku ile hakuliona swali."

"Tutaona," mama alisema. "Kwanza amalize kurudia zile hesabu." Bisi alipokwisha kupimwa na kuondoka, mama alimwita Kasuku, akakionyesha kiti kwa mkasi. "Unakiona hiki? Kila siku nakwambia uinuke, na wewe unadhani shida yangu ni mteja kusimama tu. Sikiliza, mwanangu. Ulipoandika 'Ninayo,' ulikalia kiti kisicho chako. Mwenye nacho alikuwa amefika, yuko mlangoni, amekiona kimekaliwa, akageuka akaenda kwake. Yule mzee angemsikia dada yake siku ile ile. Wewe ulidhani uongo wako ni kitu kidogo kwa kuwa hukuchukua cha mtu. Uongo hata usipoiba unaziba nafasi, na ukweli unabaki nje umesimama."

"Nimesikia, mama."

"Na ukitaka watu wakujibu, uliza tena. Kuuliza si ujinga. Mara tatu, mara nne, wala hutapungukiwa kitu."

Akawasha redio. Kipindi cha nyimbo za zamani kilikuwa kimeshaanza, na waitikiaji walikuwa katikati ya kiitikio. Kasuku, huku anaokota pini, akaingia nao, amechelewa kidogo.